Kho kho ya taifa India: ibaki ya kizamani au ifuate ligi?

Mashindano ya taifa ya kho kho kule India yana zaidi ya miaka 60. Ya kwanza ya wanaume yalichezwa Vijayawada msimu wa 1959-60, mwaka uliofuata wanawake wakaanza ya kwao Kolhapur, na mpaka leo ukimuuliza mtu anaeufatilia huu mchezo nani atabeba kombe hata hajifikirii, anakwambia jimbo la Maharashtra, na kama sio Maharashtra basi Reli, timu ya shirika la reli la India, na hao Reli ukichungulia kikosi chao utakuta vijana wa Maharashtra wamejaa. Hilo ni tatizo la kwanza na ni la zamani. La pili ni jipya, limeletwa na ligi ya kulipwa na Kombe la Dunia la Januari 2025 pale New Delhi, kwamba saivi kuna kho kho mbili, ile ya taifa yenye sheria za babu na ile ya kwenye TV yenye waziri na powerplay na mataa, na lazima mtu aamue kama ile ya kwanza iendelee kuwepo hivo hivo au ifuate ya pili.

Kwa wasioujua mchezo tuuweke wazi kwanza maana bila hapo huwezi kuelewa watu wanagombania nini. Kho kho ni kidali po iliyopewa refa na saa. Uwanja ni mita 27 kwa 16, kila mwisho kuna nguzo, na katikati kuna njia nyembamba inayotoka nguzo hii mpaka ile. Kwenye hiyo njia wachezaji 8 wa timu inayokimbiza wanachuchumaa, mmoja anatazama huku mwenzake anatazama kule, wa tisa ndo yuko mbioni. Wanaokimbizwa wanaingia watatu watatu. Sasa utamu uko hapa: wanaokimbizwa wanapita katikati ya waliochuchumaa wanavyotaka, kushoto kulia, ila anaekimbiza haruhusiwi kuvuka njia ya kati, na akishachagua uelekeo haruhusiwi kugeuka mpaka afike kwenye nguzo azunguke. Akitaka upande wa pili nao ushambuliwe inabidi amguse mgongoni mwenzake aliechuchumaa na hapo hapo atamke "kho", yule anachomoka, yeye anachukua kiti chake. Akitamka kabla ya kugusa, faulo. Akigusa kimya kimya, faulo. Bega likigeukia upande usio wake, faulo.

Yaani mchezo mzima umejengwa juu ya kumnyima uhuru anaekimbiza. Anaekimbizwa ana uhuru wote ila yuko peke yake, anaekimbiza amefungwa kila kona ila ana wenzake wanane. Weka hilo kichwani, tutalirudia.

Kwa sheria za zamani kila timu inakimbiza mara mbili na inakimbizwa mara mbili, dakika 9 kila zamu, jumla 36. Ukimgusa mtu ni pointi 1 basi. Ukiwazidi wenzako pointi 9 baada ya awamu ya kwanza, yaani kila timu ikishakimbiza mara moja, unaweza kuwalazimisha waunganishe, wakimbize tena hapo hapo, na wakishindwa kukufikia mechi imeisha wewe bado una zamu yako mfukoni, hiyo inaitwa kushinda kwa awamu nzima na kwa aliefungwa ni aibu ya kurudi nayo nyumbani. Ikiwa sare wanaongeza awamu, bado sare wanapimana kwa saa, nani amempata mtu wake wa kwanza kwa muda mfupi zaidi.

Halafu ikaja ile ligi ya kulipwa, Ultimate Kho Kho, Agosti 2022, mjini Pune, timu 6, wazo lenyewe limechukuliwa moja kwa moja kwa jirani yao kabaddi ambao ligi yao ilianza 2014 na ikalipuka. Uwanja wakaufupisha mpaka mita 22, zamu wakaikata kuwa dakika 7, kumgusa mtu pointi 2, ukimpata kwa kujirusha hewani au kwa kuruka ukiwa umeshika nguzo pointi 3. Na wakaleta waziri, mchezaji mmoja wa timu inayokimbiza ambae yeye haimhusu ile sheria ya kutogeuka, anakimbia popote anapotaka, na ikifika powerplay mawaziri wanakuwa wawili. Fainali ya msimu wa kwanza Odisha Juggernauts waliwafunga Telugu Yoddhas 46-45. Pointi moja! Mtu wa televisheni anataka nini tena zaidi ya hapo.

Na kiukweli wanaosema mashindano ya taifa nayo yabadilike sio wajinga, tuwasikilize. Hoja yao ya kwanza ni ya kimazoezi. Kombe la Dunia lilichezwa kwa sheria za kisasa, timu ya taifa inachaguliwa sana sana kutokana na walioonekana kwenye mashindano ya taifa, sasa unamchagua mtu kwa mtihani mmoja unampeleka kufanya mtihani mwingine. Mkimbizaji aliezoea miaka 10 kutogeuka, ukimpa uwaziri leo miguu yake yenyewe inakataa, anafika kwenye nafasi ya kugeuka anasita nusu sekunde na nusu sekunde kwenye huu mchezo mtu ameshakuwa upande wa pili. Hoja ya pili ni ya hela. Mechi ya dakika 36 inayoisha 18-16 huku nusu ya muda watu wanazungushana haiuzi tangazo. Hoja ya tatu ni ya Olimpiki, India inataka kuandaa ile ya 2036 na viongozi wa kho kho, wakiongozwa na Sudhanshu Mittal ambae ni rais wa shirikisho la India na la kimataifa kwa pamoja, hawafichi kwamba wanataka mchezo wao uwemo. Kamati ya Olimpiki haiwezi kupokea mchezo wenye vitabu viwili vya sheria.

Hiyo hoja ya tatu kwangu mimi ndo dhaifu kuliko zote japo ndo inayopigiwa kelele zaidi. Kriketi ina vitabu vitatu vya sheria na hakuna aliekufa, ule wa siku tano upo, wa siku moja upo, wa ovari 20 upo, na uliopelekwa Olimpiki ya Los Angeles 2028 ni huo mfupi peke yake, wala hakuna aliesema sasa futeni wa siku tano. Raga nayo ile ya saba saba ndo iko Olimpiki. Kwa hiyo hata kama kho kho fupi itafika huko, hailazimishi kho kho ndefu ife. Hoja ya mazoezi ni nzito zaidi ila nayo ina jibu lake, kambi ya timu ya taifa ndo kazi yake hiyo, kumfundisha mtu aliekamilika sheria za ziada. Mtu aliekamilika unaweza kumfundisha uwaziri. Mtu aliekuzwa kama waziri tangu mdogo huwezi kumrudisha akajifunza subira.

Na hapa ndo inabidi tuangalie kitu kinachopotea. Tazama mkwepaji mzuri akiingia, hawa wa mashindano ya taifa wanaokaa ndani dakika 2, 3, wakati mwingine zaidi. Hakimbii ovyo. Anakata katikati ya wachuchumaaji kwa mpangilio, anapita baada ya mmoja, anapita baada ya mmoja, kama anashona, na macho yake hayamwangalii anaemkimbiza, yanaangalia migongo ya wale waliochuchumaa, yupi anatazama upande gani, kwa sababu anajua yule anaemkimbiza hana la kufanya ila kutoa kho kwa mmoja wao, na yule atakaepewa atachomokea upande anaoutazama tu. Kwa hiyo anacheza hatua mbili mbele. Akikaribia nguzo ndo pabaya, maana pale mkimbizaji anaruhusiwa kuzunguka, na wakimbizaji wazuri wanashika nguzo kwa mkono mmoja wanajirusha mwili wote ukiwa umelala hewani. Mkwepaji anajikunja, kiuno kinaenda huku kifua kinaenda kule, mkono unapita. Watu wanapiga makofi kwa kitu ambacho hakijatokea.

Sasa muingize waziri hapo. Hesabu yote ile ya migongo imekufa, kwa sababu kuna mtu mmoja uwanjani ambae mgongo wake haukwambii kitu. Mkwepaji hana cha kusoma tena, anabaki na mbio tu, na mbio tupu dhidi ya timu nzima utadumu sekunde ngapi? Ndo maana kwenye Kombe la Dunia matokeo yalikuwa ya kutisha, wanawake wa India waliwafunga Korea Kusini 175-18 kwenye mechi yao ya kwanza. Najua Wakorea walikuwa wageni wa mchezo, ni kweli, ila sheria nazo zilisaidia kuutanua ule mwanya. Kwa sheria za zamani wangepigwa kwa awamu nzima na mambo yakaishia hapo.

Lakini tusiwe wabishi kwa ubishi tu. Kuna kitu kimoja ligi wamekipatia kuliko wazee wote walioandika sheria kule Pune: dream run. Kwenye mfumo wa zamani mkwepaji akikaa ndani dakika 4 anapata nini? Hapati pointi hata moja. Ameinyima timu pinzani pointi, sawa, jina lake linaandikwa kwenye karatasi ya mechi na dakika zake pembeni, ila ubaoni hamna kitu. Ligi wakasema hapana, kundi la wakwepaji likivuka dakika 2 na nusu linaanza kuingiza pointi lenyewe. Hiyo ni haki kabisa, na cha kuchekesha ni kwamba sheria ya watu wa TV ndo inaheshimu kukwepa kuliko sheria ya wanaojiita walinzi wa asili. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, taifa wachukue dream run kesho asubuhi na waziri wamwache huko huko ligi. Najua ukichambua hivi kila upande unakuona msaliti lakini ndo hivo.

Tuhame kwenye sheria maana nadhani watu wanazing'ang'ania kwa sababu ni rahisi kuzibishania kuliko mambo mengine.

Mambo mengine ni ajira. Mtu wa nje anaona mashindano ya taifa kama kombe na medali na wimbo. Kwa kijana wa wilayani kule Maharashtra au Odisha au Karnataka hii ni usaili wa kazi. Reli ya India inaajiri wanamichezo kwa nafasi maalumu, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege nayo vile vile, mashirika ya serikali kadhaa hivo hivo, na cheti cha mashindano ya taifa ndo kinachofungua huo mlango. Mchezaji akishaajiriwa anaichezea ile taasisi, ndo maana kwenye orodha ya timu za mashindano ya taifa unakuta majimbo yamechanganyika na Reli na Viwanja vya Ndege, na miaka ya karibuni fainali ya wanaume Maharashtra na Reli imekuwa jambo la kawaida, kwa wanawake Maharashtra na Viwanja vya Ndege.

Mfano mzuri ni Sarika Kale. Huyu dada katokea Osmanabad, saivi wanaiita Dharashiv, upande mkavu wa Maharashtra, na mwenyewe amewahi kusema kwamba kwa karibu miaka kumi ya kucheza alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku. Akawa nahodha wa timu iliyochukua dhahabu ya Michezo ya Asia Kusini 2016 pale Guwahati, mwaka 2020 akapewa Arjuna, tuzo ya serikali ya India kwa wanamichezo, mchezaji wa kwanza wa kho kho kuipata baada ya zaidi ya miaka 20, na akapata kazi serikalini, afisa michezo. Hakupitia ligi. Asingeweza hata angetaka, kwa sababu ligi misimu yake miwili ya kwanza, ya 2022 na ile ya Cuttack iliyoanza mwisho wa 2023, ilikuwa ya wanaume tu. Nasreen Shaikh wa Delhi aliepata Arjuna ya 2023, baba yake muuza vyombo, nae ngazi zake ni hizo hizo za mashindano na ajira ya Viwanja vya Ndege.

Hapo ndo sielewi wanaosema ligi ndo "mustakabali". Mustakabali wa nani? Mashindano ya taifa yanawaweka wanaume na wanawake ukumbi mmoja, siku hizo hizo, na tuzo ya mchezaji bora iko pande zote mbili, ya wanaume inaitwa Eklavya, ya wanawake Rani Laxmibai. Kwenye jambo hili mfumo wa kizamani uko mbele na ligi yenye mataa iko nyuma, na sijaona mtu wa ligi akilijibu vizuri.

Upande wa pili watakwambia ligi inalipa, na ni kweli inalipa, msimu wa kwanza wachezaji wa daraja la juu walichukuliwa kwa rupia laki 5. Kwa kijana wa kijijini ni hela. Ila linganisha na kabaddi, Pawan Sehrawat mwaka 2023 alinunuliwa kwa zaidi ya rupia milioni 26. Kwa laki 5 za msimu mmoja hakuna mama atakaemwambia mwanae aache kazi ya Reli. Mshahara wa kila mwezi, pensheni, tiketi za treni bure, hizo haziwezi kushindana na laki 5 labda kwa mtu ambae hana familia.

Na uzito wa majimbo ulionekana vizuri baada ya Kombe la Dunia. India wakachukua yote mawili, wanaume waliwafunga Nepal 54-36 chini ya nahodha Pratik Waikar na wanawake wakawafunga Nepal hao hao 78-40 chini ya Priyanka Ingle. Wote wawili ni wa Maharashtra, bila shaka. Serikali ya Maharashtra ikatangaza kwa wachezaji wake zawadi ya zaidi ya rupia milioni 22 kila mmoja pamoja na kazi serikalini. Karnataka ikatangaza laki 5. Wachezaji wawili wa Karnataka wakazikataa, walisema wazi kwamba wenzao waliosimama nao kwenye uwanja ule ule wamepewa zaidi ya mara 40. Kuna waliowaona wana nyodo. Mimi naona walisema kitu ambacho shirikisho linakwepa kukisema miaka yote: kho kho ya India sio mchezo wa taifa zima, ni mchezo wa jimbo moja ambalo linaujali, na majimbo mengine yanasindikiza.

Ambapo tunarudi kwenye lile tatizo la kwanza, Maharashtra. Sheria zilianza kuandikwa kwao, klabu ya Deccan Gymkhana ya Pune mwaka 1914, klabu za mtaani zimejaa, walimu wa michezo wanaijua, wazazi wanaijua. Na sio kwamba Maharashtra inaleta timu moja, kihistoria Kolhapur na Vidarbha, ambayo ni maeneo yaliyo ndani ya jimbo hilo hilo, yanaingiza timu zao yenyewe. Ongeza na Reli yenye vijana wao. Ukikaa ukahesabu unakuta kombe la taifa zima lakini nusu fainali inaweza kuwa ni majirani wanaojuana majina ya shangazi zao.

Kuna wanaotaka timu za taasisi zitolewe, Reli waende kwenye mashindano ya mashirika, majimbo yabaki peke yake. Ukiisikia haraka inaingia akilini, jimbo dogo kama la kaskazini mashariki halitakutana na Reli mechi ya kwanza. Ila fikiria inakuwaje siku ya pili yake. Reli anaajiri wanakho kho kwa sababu anataka kombe la taifa. Ukimwambia kombe hilo sio lako tena, bajeti ya kho kho inaenda kwenye mieleka au hoki, na yule binti wa Dharashiv wa leo hana pa kwenda. Zaidi ya hapo, wale vijana wa Maharashtra waliokuwa Reli watarudi kuichezea Maharashtra. Kwa hiyo umeondoa mpinzani pekee anaeweza kuifunga Maharashtra na hapo hapo umeiongezea Maharashtra wachezaji. Sijui kama wanaopendekeza hivi wamewahi kuifikisha hesabu mpaka mwisho.

La Kolhapur na Vidarbha ni tofauti, hapo wanaolalamika wana haki. Sababu za kihistoria zipo, mikoa hiyo ilikuwa na vyama vyake tangu mwanzo na Kolhapur ndo walioandaa ile ya kwanza ya wanawake, na watu wake watakwambia wamezalisha vipaji kuliko majimbo mazima. Sawa. Ila ukishaiita ya taifa na unataka Bihar na Assam na Kerala wajione wana nafasi, huwezi kuliachia jimbo moja milango mitatu. Ningeanzia hapo kabla ya kugusa dakika 9.

Kuna na suala la mkeka (wala sio ule wa kubeti). Ligi inachezwa kwenye mkeka wa kisasa, Kombe la Dunia mkeka, mashindano ya taifa nayo yamehamia huko, na klabu nyingi za wilayani mpaka leo zinafanya mazoezi kwenye udongo. Mchezo huu uzuri wake ulikuwa ni bei, unahitaji nguzo mbili na chokaa, shule yoyote inaweza. Wa udongo anajua udongo utamteleza kiasi gani akikata kona, kwenye mkeka kiatu kinakamata ghafla na goti linabaki nyuma. Wanaotetea mkeka wanasema kujirusha kwenye udongo kunachuna ngozi ya viwiko na mapaja, na nguzo wakati wa mvua ni balaa, na hawakosei. Lakini ukihamisha jukwaa la juu bila kuhamisha mazoezi ya chini unakuwa umeongeza mwanya mwingine kati ya jimbo lenye hela na lisilo nazo, na mwenye hela tunamjua. Sina la zaidi hapa, wapeleke mikeka wilayani au waruhusu baadhi ya mashindano ya jimbo yabaki udongo.

Wasomaji wa huku kwetu mnaweza kusema haya ni ya Wahindi sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu kidogo. Kwenye lile Kombe la Dunia Kenya na Uganda walikuwepo, na wanawake wa Uganda walifika nusu fainali, wakaenda kukutana na Nepal wakala 89-18. Kufika nne bora ya dunia kwenye mchezo ambao nyumbani karibu hakuna anaeujua sio kitu kidogo, na hapo inabidi niwape ligi haki yao tena: sheria za kisasa zinamsaidia mgeni kwenye kushambulia, ukiwa na wasichana wenye mbio na waziri mmoja mwenye akili unapata pointi haraka bila kusubiri miaka ya kujifunza mpangilio wa kho. Ila ile 89 waliyofungwa ndo upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo, kwenye kukwepa hakuna njia ya mkato, Wanepali wamejifunza kukwepa kwa kuwatazama na kucheza na Wahindi miaka na miaka, na Waganda hawajapata pa kujifunzia. Kwa hiyo hata kwa faida ya wageni, pale India panahitajika mahali ambapo kukwepa kunafundishwa na kuthaminiwa, na kwa sasa mahali hapo ni mashindano ya taifa na vilabu vinavyoyalisha. Kocha wa Kampala akitaka kwenda kujifunza ni bora apelekwe huko akakae wiki ya mashindano kuliko kuoneshwa video za ligi.

Wasiwasi wangu mmoja ni kwamba shirikisho linaongozwa na watu wale wale wanaoisukuma ligi na Kombe la Dunia, na kwenye hali hiyo maamuzi ya sheria huwa hayapigiwi kura, yanaingia kidogo kidogo. Tuseme mwaka huu zamu inapunguzwa dakika, mwakani waziri anajaribiwa kwenye ya vijana chini ya miaka 18, mwaka wa tatu mtu anasema si mnaona vijana wenyewe wamezoea. Wakitaka kubadilisha waseme wazi, waite makocha wa majimbo yote na sio wa Pune na Mumbai tu, wawaulize na wanawake ambao ligi haijawahi kuwaita, na kila kanuni ijadiliwe peke yake: dream run kivyake, waziri kivyake, muda kivyake. Na siku ligi ya wanawake itakapotangaza tarehe na mishahara ndo tukae tuongee habari ya mustakabali.